Falsafa kwa Sikio: Mwongozo wa Kusikiliza Vitabu vya Kale Ukiwa Lamu

Nilikuwa napiga msasa mfaa wa mlango, kazi ambayo mkono huijua wenyewe na akili ikabaki haina la kufanya, pale Socrates aliponisema. Hakunitaja kwa jina. Alikuwa mbele ya mahakama ya Athens, mwaka 399 K.K., mzee wa miaka 70, akieleza jinsi alivyozunguka mji kutafuta mtu anayemshinda kwa hekima. Aliwajaribu wanasiasa, akatoka mikono mitupu. Akawaendea washairi, wakashindwa kueleza mashairi yao wenyewe. Mwisho akaenda kwa mafundi. Hawa, akasema, kweli walikuwa wanajua mambo asiyoyajua yeye. Ila kwa kuwa kila mmoja alikuwa hodari wa kazi yake, alijiona mjuzi wa mambo makubwa yote yaliyobaki. Nikaweka msasa chini. Asubuhi ile ile nilikuwa nimemsomesha mteja siasa za nchi nzima, na bei ya mlango hatujaafikiana.

Sauti ilitoka kwenye simu ya bei rahisi iliyolala benchini katikati ya vumbi la mbambakofi, na faili lenyewe nililipata bure. Tangu siku ile nimesikiliza mengi, mengine hadi mwisho, mengine nimeyatupa njiani. Vijana wa mtaani huniuliza waanzie wapi, na mimi huwajibu nusunusu kwa sababu nina kazi mkononi. Haya ndiyo majibu yenyewe.

Darsa, si redio

Mtu wa Lamu hana haja ya kufundishwa kusikiliza kitabu. Tumekua tukiona darsa msikitini: sheikh anasoma mstari wa Kiarabu, ananyamaza, anaufasiri kwa Kiswahili, mtu anauliza, wanavutana kidogo, ndipo unakuja mstari wa pili. Kitabu chembamba kinaweza kula mwaka mzima na hakuna anayelalamika. Redio ya dukani nayo husema kutwa nzima, na jioni hukumbuki hata neno. Wengi wanaoshindwa na vitabu vya sauti wanashindwa hapo: wamefungua darsa, wakaisikiliza kama redio.

Plato, mwanafunzi wa Socrates aliyeyaandika mazungumzo yake, mwenyewe aliliona tatizo. Katika Phaedrus, Socrates anasimulia habari za Theuth, mungu wa Misri aliyebuni maandishi, akayapeleka kwa mfalme Thamus akiyasifu kuwa ni dawa ya kumbukumbu. Mfalme akamjibu kwamba yataleta usahaulifu, kwa kuwa watu wataacha kuyaweka mambo ndani yao. Kisha Socrates anaongeza jambo ambalo kila msikilizaji wa faili la simu angelishika: maandishi ni kama picha ya kuchora. Yanaonekana hai, lakini ukiyauliza swali yananyamaza, au yanarudia neno lile lile. Simu nayo ndivyo. Ukiirudisha nyuma mara 10, itasema vile vile mara 10. Swali lazima litoke kwako, na likitoka kwa watu watatu ni bora zaidi. Nitalirudia hilo nikifika kwenye baraza.

Simu, faili na bando

Mahali pa kuanzia ni LibriVox, mradi ulioanzishwa mwaka 2005 na Hugh McGuire wa Montreal, Kanada. Watu wa kujitolea duniani kote husoma kwa sauti vitabu ambavyo haki zake zimekwisha, na mafaili huwekwa kwenye Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni, kwa yeyote kuyachukua. Hakuna kujisajili, hakuna kulipa.

Utakuta faili moja kwa uzito tofauti. Chukua la kilobiti 64 kwa sekunde. Hapo saa moja ya kusikiliza ni kama MB 29, kwa hiyo Utetezi wa Socrates, ndiyo ile hotuba ya mahakamani kama alivyoiandika Plato, ambao ni kama saa moja na nusu, hautapita sana MB 40. La kilobiti 128 lina uzito maradufu, na kwa sauti ya mtu mmoja anayesoma, kwenye hedifoni za bei ya kawaida, sikio lako halitaona tofauti. Uzito huo mwachie mpenzi wa taarabu.

Pakua, usisikilize moja kwa moja mtandaoni. Utarudia kipande kimoja mara tatu au nne, na kila ukirudia bando linaliwa upya. Tena mtandao wetu una tabia zake: unaanza vizuri gatini Mokowe, na boti ikifika katikati ya mkondo mwanafalsafa anakatika kabla ya hoja. Mimi hupakua usiku, kitabu kizima, nikakiweka kwenye memori kadi ndani ya folda yake, kisha nahakikisha mafaili yamepangika kwa namba. Sura ya saba ikija kabla ya pili utadhani mwandishi ndiye aliyechanganyikiwa.

Programu ya kuchezea iwe na mambo matatu: ikumbuke ulipoishia, irudi nyuma sekunde chache kwa mguso mmoja, na iweze kupunguza kasi. VLC ni ya bure na inatosha. Watu hujisifu kwamba wanasikiliza kwa kasi ya mara mbili. Kwa habari za mpira sawa. Kwa Plato mimi hushuka hadi 0.9, hasa msomaji akiwa Mmarekani mwenye haraka zake.

Neno kuhusu haki. Mwandishi aliyekufa miaka 2,000 iliyopita hana wa kumdai, ila mtafsiri wake anaweza kuwa hai na ana watoto wa kulisha. Kwa sheria ya Kenya haki ya maandishi hudumu miaka 50 baada ya kifo cha mwenyewe. LibriVox nao hufuata sheria ya Marekani, ndiyo maana wanasoma tafsiri za zamani: Plato wa Benjamin Jowett, aliyefariki mwaka 1893, Marcus Aurelius wa George Long, Epictetus wa Elizabeth Carter, wa mwaka 1758. Tafsiri mpya zinauzwa, na Kiingereza chake ni chepesi zaidi. Ukiikuta tafsiri ya juzi imewekwa bure na mtu asiyejulikana, kaa ukijua imeibwa.

Jaribu sauti dakika tano

LibriVox hawamkatai msomaji kwa sababu ya sauti. Kuna wanaosoma kama walimu waliozaliwa kwa kazi hiyo, na kuna mmoja ambaye naapa alikuwa anasoma huku anapika. Kitabu kimoja kinaweza kuwa na usomaji mbili au tatu tofauti, na mara nyingine kila sura ina msomaji wake. Kabla hujapakua kitabu kizima, sikiliza dakika tano za sura ya katikati. Sura ya kwanza msomaji hujipamba.

Kwa vitabu vya mazungumzo kuna mtego. Crito, mazungumzo mengine ya Plato, imeandikwa kama mchezo wa kuigiza, haina "akasema" wala "nikamjibu". Msomaji mmoja akiisoma peke yake, ama atalitaja jina la msemaji kila mara, ama utapotea kabisa. Tafuta usomaji ambao kila mtu amepewa sauti yake. Jamhuri ya Plato ni ndefu, zaidi ya saa 10, lakini kwa upande huu ni rahisi kuifuata, maana Socrates mwenyewe ndiye anayesimulia: nilimwambia hivi, naye akanijibu hivi.

Uanze na nani

Anza na waliosema kwa mdomo. Socrates hakuandika chochote. Epictetus, aliyezaliwa mtumwa na mguu wake mmoja ukiwa kilema, naye hakuandika; mwanafunzi wake Arrian ndiye aliyeyaweka maneno yake. Vitabu vya watu hawa vilikuwa sauti kabla havijawa karatasi, na ukivirudisha kwenye sauti vinakaa sawasawa, kama mlango uliorudishiwa fremu yake.

Utetezi una hotuba tatu, kwa hiyo usikilize kwa vikao vitatu. Ya kwanza ni majibu yake kwa mashtaka ya kuwapotosha vijana na kutoiamini miungu ya mji. Ya pili inakuja baada ya kukutwa na hatia, wakati desturi inamtaka apendekeze adhabu yake mwenyewe. Anapendekeza apewe chakula bure kwa gharama za mji, heshima waliyopewa mabingwa wa michezo ya Olympia! Mimi nilicheka peke yangu karakanani. Ya tatu ni baada ya kuhukumiwa kifo, na hapo huchekeki tena.

Kisha Crito, isiyofika saa moja. Socrates yuko gerezani na hukumu imechelewa, kwa sababu jahazi takatifu limekwenda Delos na sheria hairuhusu mtu kuuawa hadi lirudi. Rafiki yake Crito anaingia alfajiri na habari kwamba chombo kimeshaonekana. Watu wa pwani tunaijua hali hiyo ya mji mzima kungoja tanga. Lakini hapa tanga likionekana, mtu anakufa.

Wa tatu ni Epictetus, kile kitabu chake kidogo cha mkononi. Chote ni kama saa moja, na kosa kubwa ni kukimaliza kwa saa moja. Kina vipande zaidi ya 50, vingine mistari minne tu. Kimoja kila siku baada ya swala ya alfajiri, hata miezi miwili haifiki. Subiri kipande cha saba: chombo kimetia nanga, wewe umeshuka kuchota maji, na njiani unaweza kuokota kombe au kitunguu, ila sikio liwe chomboni, kwani nahodha akiita lazima uviache vyote ukimbie. Na ukiwa mzee, anasema, usiende mbali na chombo. Nilimsimulia mjomba wangu aliyefanya kazi ya bahari miaka yake yote. Akanyamaza, kisha akasema, "Huyo amesafiri."

Marcus Aurelius, aliyetawala Roma tangu mwaka 161 hadi alipokufa mwaka 180, alijiandikia mwenyewe kwa Kigiriki, juzuu 12. Usianze na juzuu ya kwanza. Ni orodha ya shukrani kwa babu, mama, walimu na jamaa, na wengi wanakata tamaa humo humo. Anza na ya pili, pale anapojiambia asubuhi kwamba leo atakutana na wambea, wasio na shukrani na wenye husuda, na kwamba hao nao ni ndugu zake. Ukishamzoea, rudi ya kwanza.

Na hapa nawaomba wasomaji wa Lamu wafanye jambo ambalo msikilizaji wa London hawezi. Kabla ya Marcus au baada yake, mtafute mtu anayejua kuighani Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mumsikilize. Mshairi anausemesha moyo wake, anauonyesha majumba ya mabwana wa Pate yaliyokuwa yaking'aa taa na sasa popo wamening'inia, anauliza wako wapi waliokuwa wakitembea humo. Marcus naye anaisemesha nafsi yake, anataja watu wa enzi za Vespasian, kaisari wa kabla yake, walioa, walilea, walipigana, walitamani vyeo, na hakuna hata mmoja aliyebaki. Mmoja kaisari, mwingine sharifu wa pwani, karne nyingi kati yao, dini tofauti, na swali ni moja. Wanapoachana ndipo patamu: mmoja anatafuta utulivu wa hapa hapa kwa kukubali maumbile ya ulimwengu, mwingine anauhofisha moyo kwa habari za akhera. Kikao kizima kinaweza kuishia hapo.

Baada ya hao, kwa wanaotaka kwenda ndani, ni Ibn Tufayl, tabibu wa Andalusia aliyefariki mwaka 1185. Kisa chake cha Hayy bin Yaqdhan ni cha mtoto aliyelelewa na paa kwenye kisiwa cha Bahari ya Hindi kilicho chini ya ikweta, yaani pande zetu hizi ukipenda kujidai. Paa anakufa, mtoto anampasua kifua atafute kile kilichotoka, na kutoka hapo anajifikirisha peke yake hadi kwa Muumba. Ni hadithi, kwa hiyo sikio halichoki. Ghazali pia husikilizika vizuri pale anapoyaeleza maisha yake: mwalimu mkubwa wa Baghdad ambaye mwaka 1095 ulimi wake ulifungwa, akasimama mbele ya wanafunzi asiweze kutamka neno.

Wa kuwaachia karatasi wapo. Ethica ya Spinoza, ya mwaka 1677, imejengwa kama hesabu: kila hoja inakurudisha kwenye hoja ya nyuma kwa namba, na sikio haliwezi kufunua kurasa nyuma. Kant, Mjerumani, katika kitabu chake cha 1781 ana sentensi ambazo ukifika kwenye kitenzi umeshamsahau mtenda. Nilimjaribu siku nne. Aristotle mngojee, maandishi yake yaliyobaki ni makavu kama muhtasari wa mwalimu wa somo.

Namna ya kusikiliza

Dakika 20 zinatosha. Mara ya kwanza usikilize mfululizo bila kusimamisha, hata usipoelewa. Mara ya pili, siku hiyo hiyo au kesho yake, uwe na kidole kwenye kitufe cha kusimamisha na daftari karibu. Andika majina, kwani ya Kigiriki huteleza masikioni, na andika sentensi moja tu: anadai nini?

Chagua kazi ya mkono inayoendana. Kupiga msasa, kushona kofia, kuchambua mchele, kukarabati nyavu, zote nzuri. Kuchora nakshi kwa patasi hapana. Nililijua hilo baada ya kuharibu ua zima la fremu, Socrates akiwa katikati ya kuulizia ujasiri. Na ukitembea mitaani acha sikio moja wazi. Mimi niliyaziba yote mawili pale Usita wa Mui, mchunga punda akapiga ukelele wake wa "Simile!" wee, sikusikia. Punda alikuwa na mawe pande zote mbili. Bega liliniuma wiki nzima, na Epictetus aliyekuwa akiniambia wakati ule kwamba mwili si miliki yangu sikumwona ana faida.

Adhana ikitoka, zima. Huna haja ya kueleza sababu.

Kiingereza cha zamani kitakusumbua wiki mbili za kwanza. Project Gutenberg, mradi alioanzisha Michael Hart mwaka 1971, una maandishi ya bure ya tafsiri nyingi hizi hizi zinazosomwa, kwa hiyo ukikwama soma ukurasa ule kwa macho kisha urudi sikioni. Lakini mzigo mkubwa hauko kwenye maneno magumu. Uko kwenye maneno mepesi. Wagiriki wana neno arete, ambalo tafsiri hizo huligeuza kuwa wema wa tabia, nawe ukalisikia kama mawaidha. Asili yake ni ubora wa kitu katika kazi yake. Katika kitabu cha kwanza cha Jamhuri, Socrates anatoa mfano wa kisu cha kupogolea mizabibu: ubora wake ni kukata vizuri. Fundi hahitaji maelezo zaidi. Ubora wa patasi ni huo. Sasa, anauliza, ubora wa mtu uko katika kazi gani? Ukiliweka hivyo kwa Kiswahili, kitabu kizima kinafunguka.

Ndiyo maana nashauri ujirekodi. Ukimaliza kipande, washa kinasa sauti cha simu na ukisimulie kwa Kiswahili chako cha nyumbani, dakika tano, bila kusoma popote. Utakaposhindwa kusema, hapo ndipo hukuelewa. Mimi humtumia dadangu aliyeko Mombasa. Yeye hana subira, na swali lake ni moja daima: "Sasa?"

Kupeleka barazani

Watu watatu hadi sita. Mmoja awe amesikiliza mara mbili, ndiye msimulizi wa usiku huo. Chezeni kipande kisichozidi dakika 10 kwenye spika ndogo, simamisheni, msimulizi afasiri, kisha swali. Asiyesikiliza kabla anaruhusiwa kuuliza, haruhusiwi kuhukumu.

Atatokea mtu wa kusema falsafa ni kufuru. Usigombane naye, mweleze habari za Ghazali, ambaye kabla hajaandika kitabu cha kuwabomoa wanafalsafa aliandika kingine cha kuzieleza hoja zao sawasawa, kwa kuwa huwezi kubomoa nyumba usiyoijua mlango wake. Na Ibn Rushd, mwanafalsafa wa Andalusia, akaja kumjibu Ghazali kwa kitabu kizima. Mara nyingi mtu huyo ndiye anayekuja kuwa mbishi bora wa kikao.

Sisi usiku wa Crito tulikaa hadi chai ikapoa mara mbili. Socrates anakataa kutoroka kwa kuwa Sheria za mji, anazozipa sauti kama watu, zinamwambia: umekaa hapa miaka 70, mlango ulikuwa wazi uondoke na mali yako, hukuondoka, basi uliridhika nasi. Ami yangu, ambaye alikuwa amekuja kwa ajili ya kahawa tu, aliweka kikombe chini.

"Kukaa si kuridhika, mwanangu. Mtu hukaa kwa sababu mamake yuko hapa, kazi yake iko hapa, na nauli hana."

Hakuna aliyemjibu vizuri. Wiki mbili baadaye ndipo nikakutana na David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, katika insha ya mwaka 1748, akilipinga wazo hilo hilo kwa mfano wa mtu aliyebebwa akiwa usingizini, akapakiwa chomboni, na alipoamka akaambiwa kwamba kwa kubaki humo amekubali amri ya nahodha. Akitaka kuondoka, ajitupe baharini afe. Ami hajamsikia Hume kabisa. Ijumaa hii baada ya Isha nitamsimulia, na nimeshaambiwa nije na tende.